Maji Yaliyotoka Chini ya Kitanda

Jirani yangu wa Kisumu Ndogo, hapa Nairobi, mjane kutoka Kitui anayeuza makaa, haangalii habari kimya. Anazijibu. Waziri akisema barabara itakwisha hivi karibuni, yeye humuuliza, "Hivi karibuni ni lini, baba?" Mimi nauza mapazia Soko la Toi, na sina runinga. Kwa hivyo jioni nikishafunga mzigo huenda kwake tukaangalia pamoja, chai mkononi, na nadiriki kusema nimejifunza mengi zaidi kwa maswali yake kuliko kwa watangazaji.

Jioni moja walionyesha nyumba ya mabati mtaa wa Congo, huko Kawangware. Maji yalikuwa yanabubujika kutoka sakafuni, chini ya kitanda. Mpangaji, mama mmoja wa makamo, alikuwa ameketi juu ya kitanda hicho amekunja miguu. "Niliamka nikaweka miguu chini, nikakanyaga maji," alisema. Nje kulikuwa na foleni ya watu na mitungi. Mwanamume mmoja aliyevaa tai akasema hayo ni maji ya baraka, yanaponya. Mwanahabari, aliyekuwa amevaa viatu vya gambuti safi, akataja jina lake na la kituo, kisha wakaingia kwa habari za mpira.

Jirani yangu aliweka kikombe chini. "Sasa yametoka wapi?"

"Hawajasema."

"Na ni matamu ama ya chumvi? Yule kijana amesimama ndani ya maji na hata hajaonja!"

Mimi nimezaliwa magharibi mwa nchi, mahali ambapo mvua hainyimi mtu kitu, na sikuona kwa nini ladha ni jambo kubwa. Akanieleza. Kwao walikuwa wakichimba mchanga wa mto uliokauka, na maji yakianza kujikusanya, mtu wa kwanza kuyafikia huyaonja kabla hajaita wengine. Maji ya chumvi ni kazi bure. Akasimulia mama yake akionja, jinsi alivyofumba macho, na wao watoto wakimtazama uso tu.

Kesho yake tuliketi tena tukangoja. Walituletea ajali na bei ya unga, lakini ya yule mama hawakuitaja. Kesho kutwa vilevile. Nilishangaa kuona na mimi nimeanza kukasirika. Unaletewa mtu mpaka ndani ya nyumba, unamwona kitandani kwake, halafu anaondolewa kama sahani.

Jumapili baada ya kanisa jirani yangu akatokea mlangoni kwangu na viatu vya kutembelea. "Twende tumwone," alisema. "Si ni hapo tu?"

Si hapo tu, hasa kwa miguu na jua lile, lakini tulienda. Congo tulimpata kijana akiosha pikipiki. Nikamsalimu na kumuuliza nyumba iliyotoka maji.

"Ile ya TV? Hiyo ilikauka kitambo, masistee," alicheka. "Lakini mathe yuko. Pitia hapo kwa kinyozi."

Tulimtambua mara moja. Alikuwa nje, amesimamisha godoro ukutani, analipiga kwa mwiko ili likauke. Nilipata haya ghafla. Tungemwambia tumefuata nini? Jirani yangu hakusumbuka. Alimsikia akimfokea kuku kwa Kikamba, naye akamsalimu kwa Kikamba, na kumbe yule mama ni wa Machakos. Basi. Vibao vya kukalia vikatolewa.

"Ni bomba," alituambia, akimimina chai. "Bomba la zamani, lilipitishwa hapa kabla ploti hazijajengwa. Lilipasuka. Mimi nilijua siku ya pili, maana yalinuka dawa ya maji ya mferejini. Na mfereji wa ploti ulikuwa umekauka wiki hiyo yote! Maji ya majirani wote yalikuwa yanapitia chini ya kitanda changu."

"Na ukawaacha wachote?" nikauliza.

"Si ni yao? Hata yule wa baraka nilimjazia mtungi."

Alisema mafundi walivunja sakafu, wakaziba, wakamwachia shimo, na mwangalizi wa ploti bado anamwahidi simiti. Jirani yangu akauliza kama yalikuwa matamu. Yule mama akaingia ndani akarudi na chupa ya maji hayo aliyokuwa ameiweka. Jirani yangu akapiga funda moja, akafumba macho. Sote tukamtazama uso.

"Ni ya Nairobi," alisema, na wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Kisha ikawa zamu ya mwenyeji kuuliza. Hakuwa ameiona habari yenyewe. Runinga yake ilikuwa sakafuni maji yalipoingia. "Nilikaaje? Nilisikika vizuri? Mimi nilikuwa nje, ndio wakaniambia nirudi nikae kitandani." Tukamwigizia yote, gambuti na tai na foleni. Alisikiliza kama anayesikia habari za mtu mwingine. Mwishoni akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Na picha ya ukutani ilionekana? Ya harusi. Niliisogeza ili kamera iipate. Mzee wangu alifariki, nikaona angalau watu wa nyumbani wamwone."

Nilitaka kusema ndiyo. Jirani yangu akanitangulia. "Hapana, mama. Walikuonyesha wewe na kitanda na maji tu."

Yule mama akatikisa kichwa polepole.

"Lakini tumefika," jirani yangu akasema. "Ilete tuione."

Akaileta, akaipangusa kwa upindo wa leso. Bwana harusi alikuwa mrefu, suti imempungukia mikononi, na nyuma yake mwanamke mwenye kofia kubwa alikuwa ameangalia pembeni.

"Huyu wa kofia ni nani?" jirani yangu akauliza, akisogeza kibao chake karibu. "Na anaangalia nini huko?"

"Huyo!" Yule mama akapiga paja. "Huyo ni shangazi wa mzee. Ngoja niwaambie alivyotufanyia siku hiyo." Akatuongezea chai, akaanza.