Kobalti Ilivyowanyamazisha Mugeni na Mumewe

Majirani wa Kabeza, mjini Kigali, wanamfahamu Mugeni kwa mambo mawili. La kwanza ni kicheko chake, kinachosikika hadi barabara ya lami. La pili ni Kiswahili. Nyumbani kwake kinazungumzwa mchana kutwa kana kwamba ni Nyamirambo, mtaa wa Waislamu wanaoongea Kiswahili, ilhali Mugeni ni Mkatoliki aliyekulia Ngara, upande wa Tanzania, na mumewe Libère alikulia Bujumbura. Walipokutana chuoni hapa Kigali, kila mmoja alikiona Kinyarwanda cha mwenzake kina kona kona nyingi. Wakakimbilia Kiswahili ili wasichekane, na hawakurudi tena. Hata mtoto wao, Keith, anaota kwa Kiswahili.

Kazi yao ndiyo inayowashinda majirani kuielewa. Wote wawili ni wapima mionzi. Libère ni mwalimu wa chuo kimoja cha binafsi. Alisomea Ubelgiji, na mionzi ikitajwa redioni, sauti inayoeleza mara nyingi ni yake. Mugeni yuko kwenye maabara ndogo inayopima vyakula vinavyoingia nchini: maziwa ya unga, samaki wa kopo, ngano. Anavipima kuona kama vimebeba mionzi kutoka huko vilikotoka, na karibu kila siku jibu ni lile lile, ni salama. Mwenyewe husema ameajiriwa kutafuta kitu anachoomba asikipate.

Basi siku moja Daktari Nkusi, mkuu wa maabara ile, aliingia na boksi mikononi, amelibeba kama keki ya harusi.

"Mugeni, hii ni yako," alisema. "Tumeingizwa kwenye mashindano ya wakubwa."

Ndani mlikuwa na chupa ya maji. Maji hayo yalitengenezwa yafanane na yale yanayotoka kwenye vinu vya nyuklia vya umeme, yakatiwa kiasi kidogo cha vitu vyenye mionzi, kama sesiamu na kobalti, na kiasi hicho wakakijua waliotengeneza peke yao. Chupa kama ile zilitumwa kwa maabara za nchi nyingi. Kila maabara ipime, ipeleke majibu, kisha majibu yote yalinganishwe, ijulikane nani anapima sawasawa na nani anabahatisha. Sharti lilikuwa moja: maabara zisiulizane.

Mugeni alirudi nyumbani na furaha yake, akamkuta Libère mlangoni na ya kwake.

"Mama Keith, huwezi kuamini. Chuo kimeletewa chupa ya maji ya..."

"Ya kinu cha nyuklia?"

Wakatazamana. Libère akashika kichwa. Mugeni akaangua kile kicheko chake, halafu akanyoosha kidole.

"Kuanzia sasa, Baba Keith, humu ndani hakuna mionzi. Tunaongea mvua, bei ya mkaa, na shule ya mtoto."

"Yego, nimekubali," akajibu Libère, na wakapeana mikono kama watu waliouziana kiwanja.

Mugeni akaanza kazi. Chombo chake cha kupimia kimezungukwa na matofali mazito ya madini ya risasi, ili mionzi ya nje isiingilie hesabu. Aliiweka chupa juu ya chombo, ikigusana nacho, kama ambavyo maabara ile imekuwa ikiweka kila kitu tangu ifunguliwe. Namba zikatoka nzuri. Mtu mwingine angeziandika na kwenda zake. Lakini Mugeni ana tabia ya kujiuliza mara ya pili, tabia aliyoitoa kwa mama yake, ambaye huonja mchuzi, akatulia, akaonja tena. Akainyanyua chupa juu ya kigoda cha plastiki, ikae mbali kidogo na chombo, akapima upya.

Sesiamu ilitoka vile vile. Kobalti ilipanda.

Akarudia. Karibu, kobalti ikashuka. Mbali, ikapanda. Maji ni yale yale, chupa ni ile ile, na kobalti haiwezi kuongezeka kwa kunyanyuliwa juu ya kigoda.

Jioni alimkuta Libère jikoni anakoroga isombe ya majani ya muhogo, anaimba. Mugeni akamchunguza uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyemaliza kazi yake na hana deni na mtu.

"Mama Keith," akasema bila kugeuka, "yaani kobalti ya..."

"Baba Keith! Usithubutu!"

"Basi, basi. Nilitaka kusema mvua."

Wakacheka, lakini Mugeni aliingiwa na shaka. Huyu amesoma kuliko mimi, aliwaza, chombo chake ni kipya kuliko changu, na anaimba. Kama yeye hana shida na kobalti, basi nimekosea mimi. Swali lilikuwa mdomoni kabisa: ninyi mliweka karibu au mbali? Lingechukua pumzi moja tu, na nani angejua? Akachukua beseni la nguo akatoka nje kuanika, na huko akakaa hadi alipohisi ulimi umetulia.

Kesho yake alifungua vitabu vya chuo, vile alivyodhani hatavihitaji tena, na kabla ya chakula cha mchana akawa amebisha hodi kwa Daktari Nkusi.

"Dokta, chukulia mtu amesimama mlangoni pa kanisa anahesabu waumini," alisema. "Sesiamu inatoa mwonzi mmoja mmoja, kama watu wanaoingia mmoja mmoja. Hapo hakosei. Kobalti inatoa miwili kwa mpigo, kama mtu na mkewe walioshikana mikono. Ukiwa karibu sana, wanakupita pamoja, unawahesabu mtu mmoja. Ukikaa mbali, ni nadra kuwapata wote wawili kwa pamoja. Ndiyo maana tukipima karibu kobalti inapungua."

"Na vyakula vyote tulivyopima miaka hii?"

"Huko tunatafuta sesiamu hii hii ya mmoja mmoja. Iko sawa. Ndiyo sababu hatukuwahi kuona kosa."

Nkusi alikuna kidevu. Kupima mbali kunataka muda mrefu zaidi, na wenye maziwa ya unga walikuwa wanapiga simu kila saa. "Maabara kubwa zinapima karibu, Mugeni."

"Zinapima karibu, Dokta, halafu zinasahihisha hesabu. Sisi hatujawahi kusahihisha."

"Nioneshe."

Kabatini walikuwa na kobalti ya kujaribia, yenye cheti kinachotaja nguvu yake halisi. Mugeni akaipima karibu, ikatoka pungufu. Akaipima mbali, ikalingana na cheti. Nkusi aliisoma skrini kwa muda, akavua miwani.

"Weka mbali," alisema. "Wenye maziwa nitaongea nao mimi."

Majibu yakapelekwa, ukafuata msimu mzima wa kusubiri, na nyumbani kwao ikazungumzwa mvua kuliko hata kwa wataalamu wa hali ya hewa.

Siku matokeo yalipotoka, Nkusi aliita wafanyakazi wote, akaagiza Fanta, akasoma kwa sauti. Kila kipimo cha maabara yao kimekubaliwa. Alipofika kwenye kobalti akasimama, akasema, "Hii ni ya huyu dada hapa," na watu wakapiga makofi. Mugeni alitoka nje akampigia mama yake Ngara. Alipojaribu kueleza akalia, na mama yake, bila kuelewa hata neno moja, naye akaanza kulia.

Nyumbani Libère alikuwa amekaa sebuleni na viatu miguuni, jambo asilolifanya.

"Kobalti yetu imeanguka," alisema.

"Imetoka pungufu?"

Akamwangalia mkewe polepole. "Na yenu?"

"Imepita. Vipimo vyetu vyote vimepita."

Libère akainuka, akatoka, na Mugeni akasikia ufagio unapita kwenye uwanja aliokuwa ameufagia mwenyewe asubuhi. Alimwonea huruma. Lakini furaha yake hakuipunguza, wala hakuona kwa nini aipunguze. Akajimiminia chai, akainywa kwa raha, taratibu.

Libère aliporudi alisimama mlangoni na ufagio wake. "Mliweka mbali."

"Mbali."

"Mimi niliweka karibu, na sikusahihisha. Sheri wangu, jambo hilo nalifundisha kila mwaka! Nalichora ubaoni!" Mabega yake yakaanza kutikisika, na Mugeni akatambua kwamba anacheka. Wakacheka wote hadi Keith akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa, wote walikuwa mtaroni na majembe. Kazi ilipoisha watu wakakusanyika kwa mkutano, na mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wao, akauliza kama kuna mwenye neno. Libère akanyoosha mkono. Mugeni alimvuta shati, amechelewa.

"Mimi mnanisikia redioni," Libère alisema. "Nataka mjue kwamba mimi na mke wangu tulipewa kipimo kimoja, pamoja na maabara za dunia nzima. Mimi kitu kimoja kilinishinda. Yeye hakikumshinda hata kimoja. Sasa mkinisikia tena redioni, mjue nani nimemuuliza kwanza."

Wakapiga makofi na majembe yakagonganishwa. Mama Natacha, wa nyumba ya jirani, akauliza kwa wasiwasi, "Sasa hiyo mionzi iko hapa Kabeza?"

"Haiko, mama," Mugeni akamjibu. "Na siku ikitaka kuja, tutaiona."

Alilisema bila kufikiri, na baada ya kulisema akaona kwamba ni kweli.

Wiki iliyofuata alikwenda chuoni kufundisha, kwa mwaliko wa Libère. Wanafunzi walijaa, wengine wamesimama ukutani. Mugeni akavaa koti jeupe, akafungua mlango mzito wa chombo kile kipya, akaweka kigoda. Libère alikuwa amekaa mstari wa mbele kati ya wanafunzi wake, kalamu mkononi, na ndiye aliyeuliza swali la kwanza.