Fundi Bomba Aliyeoga Mbele ya Mama Mkwe

Wananchi wa Handeni, wa Korogwe, na nyote mnaosoma haya mkiwa foleni na ndoo kichwani, mnatangaziwa kwa taadhima kubwa kwamba Mhina Sharifu, fundi wa mamlaka ya maji, mume wa mke mmoja na mkwe wa mama mkwe mmoja (wa pili angemmaliza), ameoga hadharani. Mchana. Mama mkwe akiwepo.

Kisa chenyewe kilitokea siku ya harusi ya Yusra, mdogo wake mkewe Mhina. Maji ya mtaa ule yanatoka mbali karibu kama posa yenyewe. Yanavutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Yanatuama, yanachujwa, yanatiwa dawa, kisha pampu zinayapandisha vilima mpaka Handeni, yakifika yameshasahau kabisa habari za mamba. Basi jana yake lori la mbao likakatisha mtaroni na kulipasua bomba. Mhina na wenzake wakaliunga asubuhi ile, wenzake wakaenda kutafuta chai, yeye akabaki kufungua vali ya kumwagia uchafu.

Maana bomba likipasuka hulamba kila lililomo mtaroni: tope, mavi ya mbuzi na siri nyingine za mtaa. Utaratibu ni kuyamwaga mpaka yatakate, ukapima dawa, ndipo uwafungulie watu. Ukifunga vali mapema, uchafu wote unaishia majumbani.

Lakini watu hawakuona utaratibu. Waliona maji yanamwagika.

"We Mhina, una akili sawasawa?" alifoka Dorkasi, jirani aliyeshika upishi wa harusi. "Wageni wa bwana harusi kutoka Magoma wameshapita Korogwe, masufuria yangu makavu, wewe unanywesha mtaro!"

"Dada, yana mavi ya mbuzi."

"Pilau si inachemka?"

"Na ya kunywa? Na sharubati?"

Sharubati haichemshwi. Mhina akaziona koo mbili zikigombania choo kimoja mbele ya bibi harusi.

Hapo ndipo alipotokea Bi Chausiku, mama mkwe, na ndoo.

Sasa, kwa Wazigua wa mtaa ule, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawajibizani. Akija njia hii, wewe unaingia kichakani. Mhina akageuka upesi akatazama migomba. Bi Chausiku akajitanda khanga mpaka puani, akageuza mgongo, akaanza kuyaendea maji kinyumenyume.

"Dorkasi," Mhina aliiambia migomba, "mwambie mama maji haya hayafai."

"Dorkasi," Bi Chausiku aliliambia anga, "mwambie huyo bwana nina wageni, na wageni hawanywi 'hayafai'."

"Jamani, mmenifanya simu!" alisema Dorkasi.

Ndoo ikaingia majini. Kumnyang'anya mama mkwe ndoo mkononi ni kesi ya ukoo, na kesi ya ukoo hailipwi kwa samahani. Mhina akafikiri kwa kasi ambayo mwajiri wake hakuwahi kuiona. Akavua buti. Akavua soksi, ambazo peke yake zingetosha. Akavua shati. Akajitosa pale pale mdomoni mwa bomba, juu kidogo ya ndoo, akaanza kujisugua: kichwa, kwapa, kisha katikati ya vidole vya miguu, taratibu, kwa sauti.

"Mama yangu!" Dorkasi akapiga ukelele. "Bi Chausiku, usigeuke! Anaoga!"

Bi Chausiku hakugeuka. Aliiacha ndoo na kandambili moja, akakimbia kama msichana. Na wengine wote wenye ndoo wakarudi nyuma. Nani atakunywa kwapa la Mhina?

Akabaki peke yake, ameloa, akijiuliza mkewe Shamsia atamlaza nje kwa muda gani. Maji yakawa ya udongo, yakawa kama ya kusuuzia mchele, mwisho yakawa maji. Akakinga kwenye kichupa, akatumbukiza kidonge cha kupimia dawa, akatikisa. Rangi ya waridi, ile hasa inayotakiwa. Akafunga vali ya uchafu, akafungulia mtaa.

Bomba la uani kwa Bi Chausiku likakohoa, likatema hewa, likamwaga. Vigelegele vilivyopigwa, bwana harusi mwenyewe hakuvipata.

Watu wakala, wakanywa sharubati, wakaongeza. Bi Chausiku alikichungulia choo mara kwa mara, akakikuta kitupu, akashusha pumzi. Mwishowe akamwita Dorkasi.

"Mpelekee huyo bwana sahani. Yenye nyama. Na umwambie..." akatafuta neno, "mwambie ajifute."

Habari ikamfikia mshereheshaji, ambaye hajawahi kuiacha habari ipite bila kuivalisha suti. Akamfuata Mhina na maiki hadi nyuma ya turubai.

"Mabibi na mabwana! Mlinzi wa matumbo ya koo mbili! Aliyejitoa mhanga kwa ajili ya maji safi na salama! Mheshimiwa fundi, ulipojitosa katika mkondo ule, nini kilipita moyoni mwako?"

Mhina akameza nyama.

"Baridi," akasema.