Mkaa Nilioutia Kwenye Maji ya Samaki

Naiona bado asubuhi ile ya Juni, mwanangu, nilipofungua mapokezi ya hoteli moja pale Iyunga, Mbeya, nikawakuta kamba wote wamelala chali ndani ya tangi la kioo. Samaki wawili waliobaki hai walikuwa juu kabisa, wakihema kama mtu aliyepandishwa mlima mbio.

Nguvu za ujana nilikuwa nazo bado, na kazi yangu ilikuwa kulitunza tangi lile la maji ya chumvi. Siku moja kabla, maji yalikuwa yamegeuka manjano na kaboni, ule mkaa maalumu wa kuyachujia, imekwisha. Mwenye hoteli aliniambia nisubiri, nyingine inakuja na basi kutoka Dar. Sikusubiri. Nilikulia kwenye nyumba ambayo maji ya kunywa yalipitishwa kwenye mchanga na mkaa, basi nikajiambia mkaa ni mkaa. Nikautwanga ule wa nyumbani, nikaufunga ndani ya soksi ya nailoni, nikauweka kwenye chujio.

Asubuhi ile, nilipowaona kamba wamekufa, nilimpigia simu muuza samaki wa mapambo wa Dar.

"Umeweka nini, kaka?"

"Mkaa."

"Wa mishikaki?" Akacheka. Kisha akauliza tena, "Mkaa wa mti gani?"

Hapo nikamweleza. Gunia lile nilipewa na shemeji yangu wa upande wa Mgololo. Alikuwa amechoma vipande vya nguzo za umeme, zile za kijanikijani zilizotiwa dawa ya mchwa, akajisifu kwamba mkaa wa bure ndio mtamu. Nilijua, mwanangu. Nilijua na sikuwaza.

"Dawa ile ina shaba na sumu nyingine," akasema. "Kamba hawaiwezi. Na moto hauimalizi. Nyumbani huuwashi huo mkaa, au?"

Nikakata simu. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, na kwa baridi ya Mbeya nilimwachia jiko likiwaka chumbani, mlango umefungwa, mtoto kando yake. Nilikimbia kandokando ya barabara kuu, malori yakinipigia honi.

"Baba Lusajo, umeota nini?" mke wangu akauliza nilipolitupa jiko nje. "Mtoto ataganda."

"Acha agande kidogo. Nipe."

Nilimbeba nje kwenye ukungu, nikaweka sikio kifuani pake. Alikohoa. Daktari alimpima akasema yuko sawa, ila tumwangalie. Namwangalia mpaka leo. Ni baba wa watoto sasa, na akikohoa kwenye simu mimi hutafuta pa kukaa.

Wewe uliyekabidhiwa tangi, jua kwanza maji yako yanaumwa nini. Kaboni huondoa rangi na harufu, haitibu kila kitu. Mwani wa kijani ukizidi kutambaa kwenye vioo, huenda unahitaji chujio la kunyonya fosfeti, ile chumvi inayoulisha mwani. Nunua kilichotengenezwa kwa ajili ya maji ya bahari, kioshe mpaka maji yatoke safi, anza na kidogo, uwaangalie kamba kabla hujaongeza. Kitu ambacho hujui kimetokana na nini, usikitie majini. Na jiko la mkaa, uwe mkaa wowote ule, usiliache chumbani wanamolala watu.

Mungu akupe mkono usio na haraka, mwanangu, na kila kunapokucha wa nyumbani mwako waamke wote.