Mmoja wa Laki Tano

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Maftaha alikuwa sokoni Kilwa Masoko, kwenye kibaraza alikoweka cherehani yake, pua ilipomwambia kwamba kule karibu na gati pamefunguliwa kazi mpya, na kazi yenyewe haina usafi. Yalikuwa majongoo bahari, yamepasuliwa, yametolewa matumbo na kuchemshwa kwenye mapipa ya mafuta yaliyokatwa. Uvundo wake uliingia kwenye vitambaa, kwenye chai, kwenye nywele chini ya mtandio. Mteja mmoja alirudisha gauni la harusi akisema linanuka utumbo. Maftaha akalinusa, akaona kweli.

Akafunika cherehani, akaenda kuwaambia hao wenye mapipa wasogee mbali na watu.

Hakuwa mwanamke wa kuogopa geti la mtu. Alizaliwa Mitole, kwa mzee Rehani mkulima wa korosho, akaenda JKT akiwa msichana mwembamba, akachukuliwa jeshini, kikosi cha ndege. Watu wakisikia hivyo walidhani alikuwa akirusha ndege. Alikuwa akikunja parachuti. Zile ndege za kivita tulizopewa na Wachina zilitua kwa kasi ya kutisha, na mkiani zilifungiwa parachuti. Magurudumu yakigusa lami, rubani anaifyatua, kitambaa kinajaa upepo, ndege inashikwa kwa nyuma kama mbuzi aliyevutwa kamba. Isipofunguka, ndege inaishilia vichakani na mtu wake ndani. Kwa miaka mingi kazi ya Maftaha ilikuwa kuikunja ili ifunguke. Serikali ilipoanza kupunguza watu kila mahali, naye akapunguzwa, akarudi pwani na cherehani.

Ndani ya uzio wa mabati alikuta ofisi ndogo, na ndani ya ofisi Mchina mwenye mvi, kandambili miguuni, anapanga majongoo makavu kwenye gunia. Mchina akainua macho, akamtazama kwa muda.

"Ndugu Maftaha?"

Siku hizo neno ndugu lilikuwa limeshakufa. Kila mtu alikuwa mheshimiwa au bosi. Maftaha akashika mwimo wa mlango.

"Mwalimu Gao! Wewe unafanya nini hapa?"

"Nanunua majongoo. Kwetu huliwa."

Ndiye aliyemfundisha. Alikuja kambini kijana, Kiswahili chake cha kuokoteza, mkali kuliko masajini wote. Aliwafumbisha macho wanafunzi wake na kuwataka wapitishe viganja juu ya kitambaa, sentimita kwa sentimita, wautafute mchanga. Akigusa chembe moja, parachuti nzima inafunguliwa na kuanzwa upya, hata kama chakula cha mchana kimeshapoa. "Mtu atakufa," alikuwa akisema. Hakuwa na maneno mengine ya kukufokea. Hayo yalitosha.

"Na ndege umemwachia nani?" Maftaha akauliza.

Gao akaonyesha kalenda ukutani. Ilikuwa na picha ya ndege ya kivita ya kijivu, pua imechongoka, mapezi mawili yamesimama mkiani. "Hii tumenunua Urusi. Na wanasema wanaunda nyingine wenyewe, nzuri zaidi. Zile za zamani, zile nilizowafundisha, kwetu sasa nyingine zinafungwa mitambo, zinarushwa bila mtu, zinapigwa makombora ya mazoezi."

"Zile tulizokuwa tunazifuta kama watoto?"

"Zile zile. Wakubwa wetu walitazama vita vya Iraki kwenye televisheni. Waliona bomu linachagua dirisha la kuingilia. Wakaona haya, wakaogopa. Wakasema jeshi la watu wengi halifai tena, wanataka jeshi dogo lenye kompyuta, na fundi aliyetoka chuo kikuu. Basi wakatangaza kupunguza watu laki tano." Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba. "Mimi ni mmoja wa hao laki tano. Shemeji yangu ana biashara, akanileta huku."

Alisema kama anayetaja bei ya sukari. Maftaha ndiye aliyekasirika kwa niaba yake. Yaani mtu anatoa ujana wake kwenye mabawa ya vyuma, halafu chuma kipya kikija anasukumwa nje pamoja na cha zamani! Siku ile hakuzungumza habari ya harufu tena. Hata hivyo Gao aliyahamisha mapipa yake mwenyewe, siku ya pili, upande ambao upepo ulipeleka moshi baharini. Maftaha akajisemea kwamba mtu yule hajabadilika.

Habari zilipoenea kwamba Bi Maftaha anajuana na Mchina, aliyefurahi kuliko wote alikuwa Abilahi, mtoto wa marehemu dada yake. Abilahi alikuwa mtu mzima, ana mke, Umi, na watoto wawili. Majongoo ya karibu yalikuwa yameisha, yaliyobaki yalikuwa kwenye kina, na Gao alikuwa ameleta mashine ya hewa ili watu wazame na mpira mdomoni wakae huko chini.

"Mama mdogo," Abilahi alimwambia, "wenzangu wanaogopa ile mashine, mimi siogopi. Mtu aliyekufundisha wewe hawezi kunipa mpira mbovu."

Maftaha akaenda kuuona huo mpira. Mashine yenyewe ilikuwa kompresa ya kujazia matairi, inanguruma juu ya boti, inavuta hewa yenye moshi wa injini yake yenyewe. Akaushika mpira, akafumba macho, akaupitisha kwenye kiganja. Haikuwa kazi ya dakika nyingi. Ulikuwa umetoboka vijitundu na kuzungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na penye maungio ulikuwa mkavu kama ganda la muhogo.

"Mwalimu, huu umeoza."

"Bado unafanya kazi," Gao akasema. Hakuugusa.

"Mtu atakufa."

Alimrushia maneno yake mwenyewe, akamtazama usoni kuona yataangukia wapi. Gao akawasha sigara. "Ndugu Maftaha, hawa hawajui kusoma, hawana kazi. Akitoka mmoja wanakuja kumi. Kwetu pia ilikuwa hivyo. Mpya nimeuagiza, utafika na mzigo ujao."

Maftaha akatema mate mchangani. Akaenda kwa Abilahi, akamkataza, akamwomba, akamlilia. Abilahi akacheka, akasema mama mdogo ameanza kuzeeka.

Mpira ulikatika kabla ya mzigo huo kufika. Abilahi alikuwa chini kabisa, amekaa muda mrefu, akakosa hewa ghafla, akapanda juu kwa pupa. Alitoka majini akiwa hai, akawatania wenzake, akaomba maji ya kunywa. Walipofika ufukweni akataka kushuka kwenye boti, miguu ikakataa. Ikakataa moja kwa moja. Hospitalini walisema damu imeingiwa na mapovu, na mashine ya kumsaidia mtu kama huyo haipo huku kusini.

Maftaha alikwenda gatini asubuhi na panga la kufyekea. Alikuta mpira umeshafungwa viraka vipya na wazamiaji wengine wawili wanavaa miwani tayari kuondoka. Aliuvuta kutoka kwenye boti, akaukata vipande vya urefu wa mkono, kimoja baada ya kingine, akavitupa ndani ya pipa lililokuwa likichemka. Hakuna aliyemzuia. Gao alisimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono nyuma.

Akaitwa kwa wakubwa wa wilaya. Ofisa aliyemhoji alikuwa na kalenda ya ndege ukutani, ile ile, zawadi kutoka kwa mwekezaji. Kabla ya shauri aliionyesha kwa kidole. "Mama, waone wenzetu walikofika. Jana walikuwa maskini kama sisi, leo wana hii. Wewe unafukuza watu wa namna hiyo kwa panga?"

"Mpwa wangu hana miguu, mheshimiwa."

"Ajali kazini."

Maftaha akainuka. Akaondoka kabla hajaruhusiwa.

Gao akamfuata nyumbani baada ya siku kadhaa, amebeba chupa ya chai mpya iliyochorwa maua, na kilo za sukari. Alisema anataka kumpa pole mgonjwa. Maftaha hakuipokea chupa. Alijifunga kanga, akatangulia mbele mpaka kwa Abilahi.

Umi alikuwa anamgeuza mumewe. Abilahi alikuwa na vidonda vya kulala mgongoni na makalioni, vimechimbika, na alikuwa hawezi tena kuzuia haja. Chumba kilikuwa na joto. Gao alifika kizingitini, akasimama, akatoa leso mfukoni, akaibana puani.

Mtu yule alikuwa akishinda juu ya mapipa ya majongoo, kutwa kucha, uso mtupu, akila wali wake pale pale. Maftaha alimtazama yeye na leso yake, na kitu cha mwisho alichokuwa amemtunzia tangu ujana kikamtoka.

"Ingia," akasema. "Mshike miguu, Umi apate kumfuta."

"Ndugu Maftaha..."

"Usiniite ndugu. Waliokutupa wewe walikutupa kwa sababu wamepata mashine bora. Wewe umemtupa huyu kwa kompresa ya matairi. Bora wao."

Gao hakuingia. Aliiweka chupa ya chai chini, nje ya mlango, akaenda zake na leso bado puani. Abilahi, aliyelala kifudifudi, aliuliza ni nani aliyekuja. Umi akamwambia hakuna mtu.

Mwezi haukuisha, Gao akahamia kusini zaidi na magunia yake. Watu wakasema Bi Maftaha amemshinda Mchina, wakampigia vigelegele sokoni, naye akawaambia waache upuuzi. Alihamishia cherehani kwa Umi, akawa anashona huku anasikiliza kama mgonjwa ameita. Abilahi aliishi mpaka mvua za masika, akafa mchana, Umi akiwa ameenda kuteka maji.

Arobaini ilipopita, uzio wa mabati ulifunguliwa tena. Safari hii mnunuzi alikuwa mtu wetu, kijana mtanashati kutoka Dar, viatu vinang'aa, simu ya mkononi kiunoni ingawa huku haikushika mtandao. Alikuwa amenunua kompresa ile ile. Alipata habari kwamba kuna mama aliyekuwa jeshini, anajua vifaa, anaweza kuwasimamia wazamiaji, akaja mpaka kwa Umi, akasimama uani na tabasamu.

"Shikamoo, mama."

Maftaha alikuwa amemkalisha mtoto wa marehemu mapajani, anamchana nywele. Alimsikia vizuri. Aliendelea kuchana, fungu kwa fungu, wala hakumjibu.