Gari la Papa Lilipokataa Kuwaka

Harufu ya mazutu mabichi hunipandisha roho mpaka leo. Mazutu ndiyo dizeli, kwa jina letu la Kisangani. Nikipita asubuhi karibu na lori linalotoa moshi mweupe, hujikuta nimesimama kwanza, kisha ndipo nakumbuka kwa nini. Mji wetu si wa baridi, lakini msimu wa mvua, ikinyesha tangu jioni hadi alfajiri, kulikucha na ubaridi wa majimaji ulioingia mpaka kwenye chuma, na gari la papa, yaani baba yangu, kuukuu kuliko mimi, liliuhisi kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Papa alitoka Butembo, akauza maharagwe na sabuni kwa jumla. Kwao ni milimani, baridi ni ya kweli, na mwenye gari bovu huliegesha kwenye mteremko ili asubuhi aliachie tu lishuke mpaka liwake. Kabondo, mtaa wetu, ni tambarare kama meza. Papa aliulaumu mji mzima kwa kukosa hata kilima kimoja.

Nilikuwa na miaka kumi, na mama alikuwa na mimba kubwa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mtoto amelala kikingama, kwa hiyo uchungu ukianza asithubutu kukaa nyumbani. Tangu siku hiyo papa aliliuguza gari kama mgonjwa. Kila jioni alilegeza skrubu chini ya chujio na kumwaga maji yaliyojitenga na mazutu. Kisha alitoa betri, akaiweka sebuleni, si mbali na mbabula, jiko letu la makaa, isishikwe na baridi. Asubuhi aliirudisha, akazungusha ufunguo nusu, nami nikahesabu. Ndani ya injini mlikuwa na buji nne za kuipasha moto kabla ya kuwaka, moja ilikuwa imekufa, ndiyo maana nilihesabu mpaka thelathini. Nilijivunia kazi ile kupita kiasi. Amri ilikuwa moja tu. "Masika, batri ile usiiguse," papa aliniambia. "Mama yako anaweza kuenda hopitali saa yoyote, unasikia?" Nilisikia vizuri sana.

Jioni moja umeme ulikuwa na siku ya tatu haujarudi. Papa alikuwa ameshaiweka betri sebuleni na kurudi dukani kwa miguu, mama amejilaza chumbani. Televisheni yetu ndogo iliweza kutumia betri, na mchezo niliokuwa nikiufuata ulikuwa umefika pale ambapo bibi harusi amegundua barua. Nikasema kidogo tu. Niliburuta betri, maana kuibeba sikuweza, nikaunganisha nyaya kama nilivyomwona papa akifanya siku za mpira. Kidogo tu ikawa mchezo wote, na mwingine uliofuata. Kisha nikachomoa nyaya, nikairudisha betri mahali pake, nikafuta vumbi na kulala bila wasiwasi wowote.

Mama aliita kabla jua halijatoka. Mvua ilikuwa imekatika, uani kumejaa matope. Papa hakupiga kelele. Alimkalisha mama kiti cha nyuma, akafunga betri, akazungusha ufunguo nusu. Nilihesabu hadi thelathini. Injini ikaguna mara moja, ikapumua moshi mweupe kidogo, ikanyamaza. "Bon, tena," akasema. Nilihesabu tena, na safari hii haikuguna hata kidogo. Hapo nikajua. Mama alikuwa ameng'ang'ania mlango, jasho linamtoka katika baridi ile. "Papa Masika," akasema, "uchungu inazidi." Niliogopa kwamba nimemuua mama yangu kwa sababu ya barua ya bibi harusi.

Papa hakuwa mtu wa kuomba. Miaka sita tuliyokaa pale, yeye na jirani yetu Papa Bolamba, mvuvi wa Isangi, walikuwa wakisalimiana juu ya ua basi. Asubuhi ile aliuvuka ua na kiatu kimoja, kingine kimebaki kwenye matope. "Papa Bolamba, nisaidie. Bibi yangu iko anakufa." Jirani alitoka na mswaki mdomoni, akawaita wanawe watatu. "Tindika!" akapaza sauti, yaani sukuma, na wote wakasukuma. Nami nikasukuma, peku, miguu ikizama, nikilia kwa sauti. Papa aliweka gia ya pili, akaachia klachi. Gari likashtuka, likazima. Tukasukuma tena, likazima tena. Mara ya tatu likakohoa, likatufunika sote kwa moshi, likaenda. Nilibaki barabarani na akina Bolamba, sijui kama nitamwona mama tena.

Mama alipasuliwa, akapona, na mdogo wangu akalia hospitali nzima wakamsikia. Papa aliwaambia watu wote kwamba betri ilikuwa imezeeka na yeye ndiye mjinga aliyeitegemea. Alimwomba mama msamaha mbele yangu. Nilikula wali wangu, nikanyamaza.

Sasa naishi Mangobo, mtaa mwingine wa Kisangani, na gari langu linawaka kwa kubonyeza kitufe, mvua inyeshe isinyeshe. Halina maji ya kumwaga wala buji za kuhesabia. Jirani yangu wa nyuma ya ukuta simjui jina, kwa sababu sijawahi kumhitaji, na hilo sijui kama ni maendeleo. Mwaka jana mdogo wangu alipata diploma yake. Kwenye sherehe nilikaa karibu na papa, mzee sasa, nikamweleza yote, televisheni na betri, jambo nililodhani nimelibeba peke yangu miaka yote hiyo.

"Nilijua asubuhi ile ile," akasema, akiendelea kuchambua mifupa ya samaki wake.

Nikamuuliza kwa nini basi alijitwika kosa lisilo lake.

"Nilikuona kwa kioo ya gari. Ulikuwa unalia na unasukuma. Mutoto mwenye kusukuma vile, utamuongezea fimbo ya nini?"