Maji Yasiyosikika

Hata mkewe, Priska, humwita Fundi. Kompyuta ya sebuleni ameiunda mwenyewe, bila feni: pampu ndogo husukuma maji hadi kwenye rejeta kuukuu ya gari iliyofungwa nje ya dirisha, na joto linaishia huko. Kila Jumamosi hukagua mipira ya maji, huweka maji mapya, kisha huliinamisha boksi la kompyuta huku na huku, taratibu kama anayembembeleza mtoto, hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Akisikia mlio mdogo tu, anaanza upya. Priska alishazoea kunyamazishwa kwa kidole.

Mwezi uliopita mama yake Fundi alishuka mlimani kutibiwa macho. Akiwa bado na bandeji, alishikishwa mpira wa maji wa kompyuta, akatega sikio.

"Mbona yamenyamaza, mwanangu? Wa juu wameyafunga?"

"Yanapita, mama."

"Yanayopita husikika." Akaanza kupapasa viatu, apande akaangalie mfereji, kama afanyavyo kwake mlimani majirani wa juu wakiyazuia maji ya shamba.

Fundi alimtazama, kisha akalegeza mpira, akamwaga maji kidogo, hewa ikaingia. Boksi likaanza kububujika.

"Wamefungulia," mama akasema, akaviacha viatu.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa amesharudi kwake. Fundi aliketi mbele ya boksi, bisibisi mfukoni, nalo likibubujika vilevile. Priska akataka kusema neno. Fundi akamwinulia kidole, anyamaze, asikilize.