Gudbai ya Abdurahman

Pale Malindi, msafiri aliyeondoka bila kumuaga Bi Tima alihesabiwa hana adabu. Alikuwa mshona kofia mwenye ulimi mkali, na kazi yake ya pili, asiyolipwa na mtu, ilikuwa kuwaitikia waondokao. Wakisema, "Kwaheri ya kuonana," yeye hujibu, "Inshallah, Mungu awe nawe." Kisha huwakataza watu wa nyumbani kwao kufagia mlangoni kutwa nzima, nyayo za msafiri zisifutike. Lakini ya Mungu mengi. Mwaka ule wa vita vya Wajerumani, aliyemuaga vibaya ni mwanawe wa pekee.

Abdurahman alichukuliwa na bwana mmoja wa jeshi awe mpishi wake. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni, wenzake wakimtazama, akasema kwa madaha, "Mama, gudbai." Neno la kizungu, tena kwa mama mzazi. Bi Tima akafunga mdomo, akageuza uso mpaka kijana akatokomea njia ya Takaungu.

Hasira ilimtoka jioni ile ile. Iliyobaki ni hofu.  Je, kama neno lile ni la kuagana moja kwa moja, la watu wasiotarajia kuonana? Mlangoni hakufagia siku hiyo wala zilizofuata, na majirani wakaanza kunong'ona. Habari zilizotoka vitani zilikuwa za homa na maziko tu.

Mwisho akamwendea Fondo, kijana aliyelelewa misheni ya Rabai, aliyekuwa akisomesha mjini.

"Shikamoo, Bi Tima."

"Marahaba. Niambie kweli, usinifiche. Gudbai maana yake nini?"

Fondo akamweleza kwamba hapo kale Waingereza wakiagana walisema maneno marefu: Mungu awe nawe. Vinywa vikayala kama jembe linavyolika kwa kulimia, likabaki neno fupi hilo. Wengi wao sasa hulitamka bila hata kumkumbuka Mungu.

"Basi mwanangu aliniombea."

"Alikuombea, mama, ijapokuwa huenda mwenyewe hakujua. Nawe ulimwitikiaje?"

Bi Tima akainuka. Alijitanda leso, akarudi nyumbani mbio mbio, mtu mzima yule, watu wakimshangaa. Akachutama mlangoni kuzitafuta nyayo. Mbuzi wa jirani walikuwa wamekwisha kuzivuruga. Akaweka kiganja mchangani.

"Nawe pia, mwanangu," alisema. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, maana Takaungu ni mbali, na huko vitani ni mbali zaidi.